Matembezi ya Ngomeni: kilima cha mchanga, kuta za matumbawe na shilingi 1,500 zilizotumika vyema

Jumamosi ya kwanza ya likizo fupi ya shule nilimchukua mama yangu mzazi pamoja na mpwa wangu mwenye umri wa miaka 12, tukashuka Ngomeni, eneo la Mombasa penye Fort Jesus, ngome ya zamani ya Wareno, kushiriki matembezi ya kuongozwa ambayo kikundi kidogo cha vijana wa Mombasa huyaandaa kwa ajili ya wakaazi wa hapa. Ada yao ni shilingi 1,500 kwa mtu mzima na 700 kwa mtoto, mbali na kiingilio cha Fort Jesus ambacho kila mtu hujilipia mwenyewe langoni. Matembezi yalitangazwa kuwa ya muda wa saa tatu, yote kwa Kiswahili, na mada ya siku hiyo ilikuwa ngome na jinsi zinavyohifadhiwa. Mimi ni mwalimu wa Historia. Nimeingia ndani ya kuta zile mara nyingi mno, na wanafunzi na bila wanafunzi, hata sikutarajia kusikia jipya. Nililisikia, tena likitokea upande ambao sikuutazamia, na ndiyo maana nayaeleza matembezi haya kwa kirefu, mazuri yake na mapungufu yake.

Tulikusanyika kivulini, nje ya lango. Kabla hata hatujautazama ukuta, mwongozaji wetu, kijana wa miaka thelathini hivi, alitandika gunia chini na kumimina juu yake karai zima la mchanga uliolowa. Mmoja wetu alimuuliza kwa nini amejitaabisha kubeba mchanga ilhali mchanga umejaa chini ya miguu yetu. Akajibu kwamba ameutoa nyumbani kwa sababu penye turathi hachimbi mtu, hata kwa kijiti cha kiberiti, na kwamba kabla matembezi hayajakwisha sote tutakuwa tumeelewa sababu yake. Kisha akampa mpwa wangu kifuu cha nazi, akamwambia achimbe mfereji wa duara katika ule mchanga, na kila anachokitoa akirundike katikati.

Kwa dakika tano ngome ilikuwa imesimama. Handaki limezunguka, na mchanga uliotoka handakini umekuwa kilima. Kadiri handaki lilivyozidi kwenda chini ndivyo kilima kilivyozidi kwenda juu, kwa hivyo pigo moja la jembe lilimpa mjenzi kinga mbili. Juu ya kilima mtoto alisimamisha kiberiti kiwe mnara wa mbao, akauzungushia vijiti vya chelewa vilivyochomolewa kwenye ufagio viwe ua wa magogo. Ubavuni mwongozaji aliongeza uwanja wa pili, mpana na wa chini, wenye handaki lake na ua wake: huko ndiko zilikokuwa nyumba, jiko, ghala na zizi la farasi, wakati kilima kilikuwa kimbilio la mwisho na mahali ambapo mwenye ngome alionekana na kila aliyepita njia.

Hiyo, alisema, ndiyo ngome ndogo ya udongo ya Ulaya ya zama za kati. Wanormani walipovuka bahari kutoka Ufaransa na kuiteka Uingereza mwaka 1066, walijikuta wachache katikati ya umma mkubwa waliokuwa wameushinda, wakahitaji ngome nyingi kwa muda mfupi, na kazi ya mawe haina haraka. Udongo ulipatikana kila mahali, na mikono ya kuuchimba ilikuwa ya wanakijiji waliolazimishwa. Katika kile kitambaa kirefu cha Bayeux, kinachosimulia vita hivyo kwa tarizi, kipo kipande kinachoonyesha kilima cha ngome ya Hastings kikirundikwa, na mwongozaji alikuwa na nakala yake aliyoichapisha kwenye karatasi: wanaume wenye sepetu wako kazini, na wawili kati yao wameiacha kazi wanapigana kwa sepetu zao. Mpwa wangu aliing'ang'ania picha hiyo kuliko kitu kingine chochote asubuhi ile.

Ngome za aina hiyo zilijengwa kwa mamia huko Uingereza na Wales. Chache zilipata bahati ya kuongezewa mawe. Windsor, ambayo mpaka leo ni makao ya mfalme, ilianza hivyo hivyo kwa kilima cha udongo. Nyingine nyingi, na hasa zile ndogo, zilihamwa, mbao zake zikaoza, na kilichosalia ni kilima ambacho mara nyingi hakifiki hata mita 10, kimeota majani, kimekaa kimya katika shamba la mtu. Mama, aliyekulia katika kilimo, alikiangalia kile cha gunia kisha akasema kwa utulivu: “Mwanangu, mtu asiyeambiwa atakilima hiki.” Mwongozaji akamjibu kwamba hivyo ndivyo ilivyotokea, na hapo ndipo alipochukua chupa ya maji.

Sijaona somo la uhifadhi lililofundishwa vizuri kuliko lile. Alitoboa kifuniko cha chupa, akanyunyizia kilima taratibu kama mvua ya vuli, nasi tukatazama vijito vyembamba vikichimba ubavu wa mchanga na kuuteremsha handakini, mpaka handaki likawa nusu ya kina chake na kilima kikapoteza ncha yake. Baada ya hapo akapitisha vidole vitatu juu ya ule uwanja wa chini, mara moja, mara mbili, mara tatu, akieleza kwamba hivyo ndivyo jembe la trekta linavyopita kila mwaka. Pito la nne lilipokwisha, uwanja na handaki lake havikuwapo tena. Kilima kilichobaki kilitosha kudhaniwa kichuguu. Alitaja na maadui wengine: sungura wanaochimba mashimo, mizizi ya miti mikubwa inayong'oka na donge zima la udongo dhoruba inapouangusha mti, ng'ombe wengi wanaopanda na kushuka njia moja hata majani yakafa, na watu wanaokuja usiku na mashine za kutafutia vyuma. Majani, alisema, ndiyo lipu ya ngome ya udongo. Kondoo wachache wakiyala na kuyaacha mafupi huyatunza. Ng'ombe wengi wakiyakanyaga, mvua humalizia kazi.

Jambo lililonigusa zaidi, hata hivyo, ni lile la mashimo ya nguzo. Nguzo ya mbao ikioza ardhini haipotei kabisa, kwa kuwa mahali ilipokuwa imesimikwa pamejaa udongo wa rangi nyingine, mara nyingi mweusi zaidi kuliko ule ulioizunguka, na mchimbuaji mwenye subira akikwangua juu juu anaweza kuhesabu madoa hayo, akajua mnara ulikuwa wapi, upana wake ulikuwa kiasi gani na ulijengwa upya mara ngapi. Mwongozaji alizing'oa chelewa zake na kutuonyesha vitundu vilivyobaki mchangani, kisha akavikoroga kwa kidole. Vikafutika. Hapakuwa na haja ya kueleza zaidi kwa nini alikuja na mchanga wake kutoka nyumbani.

Juu ya sheria alipita kwa haraka, lakini aliyoyasema yalikuwa sahihi. Waingereza walipata sheria yao ya kwanza ya kulinda mabaki ya kale mwaka 1882, nayo ilianza na orodha fupi ya vitu vya kabla ya historia kama yale mawe ya Stonehenge. Leo kilima cha udongo kilichoorodheshwa huko Uingereza kinalindwa na sheria ya mwaka 1979, ambayo chini yake mwenye shamba anabaki kuwa mwenye shamba, ila hawezi kuchimba, kujenga wala kufukia hapo bila idhini, na mtu kupitisha mashine ya kutafutia vyuma juu yake pasipo ruhusa ni kosa. Hapa kwetu tuna Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006, ambayo inampa waziri uwezo wa kutangaza mahali kuwa turathi ya kulindwa kwa kuchapisha tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Fort Jesus yenyewe ililindwa mapema zaidi: ilikuwa gereza tangu mwaka 1895 hadi 1958, mwaka ambao ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ikafunguliwa kama makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, eneo lote likiwa na ukubwa wa hekta 2.36. (Neno gereza lenyewe tuliachiwa na Wareno, nalo linatokana na neno lao la kanisa, mwongozaji hakuligusa hilo, na nadhani angepaswa kuligusa, kwa sababu wasikilizaji wake wote walikuwa Waswahili.)

Ndipo tukaingia. Swali lililotusubiri lilikuwa hili: ikiwa watu wa Ulaya waliacha ngome za udongo wakaenda kwenye kuta ndefu za mawe, mbona Fort Jesus ni fupi na nene? Jibu ni mzinga. Ukuta mrefu na mwembamba ulifaa dhidi ya ngazi na mishale, lakini tufe la chuma lililipiga jiwe likapasuka, na ukuta ukaangukia waliokuwa nyuma yake. Wahandisi wa Italia wa karne ya 15 na 16 waliurudisha udongo kazini: wakazishusha kuta, wakazinenepesha, wakazijaza udongo na kifusi kinachomeza pigo la tufe, wakatoa buruji, yaani sehemu za ngome zinazochomoza nje ya ukuta, zenye pembe ili kila ubavu wa ukuta uweze kulindwa kutoka buruji ya jirani. Giovanni Battista Cairati, aliyeichora Fort Jesus, alikuwa mtu wa Milano aliyetumikia Ureno katika Bahari Hindi. Ujenzi ulianza mwaka 1593 kwa amri ya Mfalme Felipe wa Pili, aliyekuwa akitawala Hispania na Ureno pamoja, na kufikia 1596 ngome ilikuwa tayari kwa kazi. Kwa miaka yote niliyofundisha nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba ngome hii ni ya mawe, nikaishia hapo. Haikuwahi kunijia kwamba kilima cha Mnormani na buruji ya Cairati vina undugu, na kwamba lile handaki tunalolivuka bila kulitazama tunapoingia ni handaki lile lile alilolichimba mpwa wangu kwa kifuu, ila hili limechongwa katika mwamba wa matumbawe.

Kwamba umbo hilo lilifanya kazi ilithibitika katika mazingira machungu. Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miezi 33, na katika muda huo wote njaa na maradhi ndivyo vilivyowamaliza waliokuwamo ndani, mpaka wazingiraji walipozipanda kuta ambazo karibu hazikuwa na mtu wa kuzilinda. Meli ya Santo António de Tanná, iliyokuja kuwaokoa, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi katika miaka ya 1970 vimewekwa ndani ya makumbusho, na tulipewa dakika chache za kuvitazama. Zingeweza kuwa nyingi zaidi.

Kituo kilichofuata ndicho kilichonifanya nione kwamba waandaaji hawa wanaijua kazi yao. Walikuwa wamemwalika fundi mwashi mmoja mzee, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akikarabati nyumba za Mji wa Kale, na mzee huyo alikuja na vipande viwili vya jiwe la matumbawe ndani ya kikapu. Kimoja alikuwa amekipiga lipu ya chokaa, cha pili lipu ya saruji. Alivitia maji vyote viwili kwa kiganja. Chokaa ikanywa, ikabadilika rangi, na baada ya muda kidogo juani ikaanza kurudia weupe wake; kwenye saruji maji yaliteleza yakaanguka chini. “Saruji haipumui,” alisema. Akageuza kile kipande cha saruji upande wa nyuma, akakuna kwa ukucha, na jiwe likamwagika kama unga. Maji ya bahari na ya mvua huingia ukutani kwa njia nyingi, alieleza, hayana budi kutoka. Yakizibiwa na saruji mbele, hutoka kupitia jiwe lenyewe, na chumvi yake hubaki ndani ikilivunjavunja mpaka siku moja ile saruji inadondoka yote, nzima, ngumu kama sahani, na nyuma yake hakuna ukuta. Chokaa yake ilitoka katika matumbawe yaliyochomwa na kuzimwa kwa maji kisha ikalazwa kwa wiki kadhaa, na alituwekea kidogo kwenye kiganja tuone ilivyo laini. Mama, ambaye nyumba ya wazazi wake ilirudiwa kwa saruji, alimuuliza maswali mengi kuliko sisi wote, naye mzee akamjibu kwa heshima, kila jibu akilianza kwa “dada yangu”. Hakuna aliyetazama saa wakati huo.

Tulipofika kwenye michoro ya mabaharia na askari wa Kireno, iliyochorwa ukutani kwa makaa na udongo mwekundu katika karne ya 17, palitokea swali ambalo sijalisahau. Michoro hiyo inaonyesha meli, watu na ngome, kazi ya mikono ya watu waliochoshwa na zamu za ulinzi, nayo sasa inatunzwa kama kitu cha thamani. Mpwa wangu aliitazama, akanitazama mimi, kisha akamuuliza mwongozaji mbele ya watu wote: “Kaka, mbona wao waliandika ukutani wakalindwa, na mimi nikiandika jina langu nitashikwa?” Watu walicheka, lakini mwongozaji hakucheka. Alimwambia kwamba wale watu hatuwezi kuwauliza tena, na mchoro huo ni kama barua pekee waliyotuachia, ilhali yeye tunaye na tunaweza kumsikiliza. Jibu hilo ni zuri, ila naliona nusu. Ningeongeza kwamba msumari wa leo unakata lipu ambayo maji yamekuwa yakingoja nafasi ya kuipenya, na kwamba huenda unakwangua mchoro wa zamani zaidi ambao bado haujagunduliwa chini ya chokaa. Mtoto aliyeona matundu ya chelewa yakikorogwa angelielewa hilo mara moja.

Kutoka juu ya ukuta tulionyeshwa upande wa bahari na ule ukuta mpya wa kuzuia mawimbi uliojengwa chini ya ngome miaka ya karibuni baada ya maji kuanza kuula mwamba uliobeba msingi. Mwongozaji aliueleza kwa uadilifu, kwamba bila ya kinga hiyo bahari ingeendelea kula, na kwamba kila kinachoongezwa mbele ya turathi hubadilisha sura yake na njia ya mawimbi, kwa hivyo kazi ya namna hiyo hudai kujadiliwa na kufuatiliwa hata baada ya mafundi kuondoka. Akaunganisha na kaya za Wamijikenda, na hapo alinifurahisha sana, kwa sababu kaya nazo zilikuwa makao yenye ngome: vijiji ndani ya msitu mnene, vyenye njia chache, malango na ua wa miti, ambavyo leo mgeni akivitazama huona msitu tu, kama vile mpita njia wa Wales anavyoona kilima tu. Misitu hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, lakini iliyoilinda karne zote hizo ni miiko ya wazee, na hata sasa mgeni anayeingia Kaya Kinondo huvishwa kaniki kwanza. Ngome ya udongo ya Ulaya haina wazee wa kuisemea, kwa hivyo inategemea karatasi ya sheria na hiari ya mkulima. Kaya ina vyote viwili, sheria na wazee, na bado mti hukatwa.

Mwisho wa ratiba ulikuwa kwenda Mama Ngina, kule ufukweni, kuona mabaki ya ngome ndogo ya Wareno iitwayo St. Joseph, iliyowekwa kulinda mlango wa bandari. Hapa ndipo matembezi yalipoharibika. Tulikuwa tumechelewa kuanza kwa dakika 40 kwa kuwa waandaaji waliwasubiri watu waliolipa lakini hawakutokea, na sisi tuliofika saa mbili kamili ndio tulioadhibiwa. Nauli ya tuktuk kutoka Ngomeni haikuwa ndani ya ada, jambo ambalo hatukuambiwa mpaka tulipokuwa tumesimama barabarani juani. Tulipofika zilibaki dakika 15. Mahali ambapo, kwa mada waliyoitangaza, ndipo palipohitaji maelezo kuliko pote, kwa sababu kilichobaki ni kidogo na macho peke yake hayatoshi, tuliambiwa maneno machache, tukapiga picha za mibuyu na bahari, tukaagana. Siku nzima tulifundishwa kwamba ngome ndogo hufa kwa kutotambuliwa, kisha ile ndogo ya kwetu ikapitwa kama kituo cha basi.

Yapo na mengine. Tulikuwa watu 31, idadi kubwa mno kwa mwongozaji mmoja asiye na kipaza sauti. Waliokuwa nyuma walisikia nusu ya maelezo ya mzee wa chokaa, na wale waliochelewa kufika kwenye gunia la mchanga hawakuona lolote isipokuwa migongo. Ramani tuliyogawiwa iliandikwa kwa Kiingereza peke yake, ilhali matembezi yalitangazwa kuwa ya Kiswahili. Mama ana umri wa miaka 71 na magoti yake si ya jana. Hakuna aliyetuuliza mapema kama yupo mzee kati yetu, na sehemu ya kupanda kwenye buruji ilimshinda, akabaki uwanjani peke yake mpaka mimi niliposhuka kukaa naye. Kigoda kimoja chepesi cha kubebwa begani kingetosha. Maji ya kunywa pia ni ya kujibebea, kwa hivyo atakayekwenda akumbuke chupa na kofia, na achague matembezi ya asubuhi, kwa maana ikifika saa tano uwanja wa ngome huwaka.

Pamoja na hayo yote, kama ningeulizwa iwapo shilingi 1,500 zilistahili, jibu langu ni ndiyo, bila kusita. Nimelipa zaidi ya hizo kwa matembezi ambayo mwongozaji alinitajia tarehe tu, moja baada ya nyingine, na sikubaki na hata moja. Hapa nilipewa sababu: kwa nini handaki, kwa nini pembe, kwa nini chokaa, kwa nini tusichimbe. Gunia la mchanga, chupa ya maji na vipande viwili vya jiwe vilifanya kazi ambayo vitabu vyangu vya darasani havijaifanya. Kwa familia yenye watoto wa miaka 10 na kuendelea nayapendekeza kwa moyo mkunjufu. Kwa mwenye mzazi mzee, apige simu kabla na kukubaliana nao kuhusu mwendo na mahali pa kupumzika.

Jumatatu niliwaandikia waandaaji nikawaeleza niliyoyaeleza hapa, wakanijibu siku hiyo hiyo bila kujitetea. Wamesema kuanzia mwezi ujao kundi halitazidi watu 15, nauli itatajwa kwenye tangazo, ramani inatafsiriwa, na ngome ndogo itawekwa mwanzoni mwa matembezi, wakati miguu bado ina nguvu. Nimewawekea nafasi wanafunzi wangu katika makundi mawili. Ombi langu moja ni kwamba yaletwe makarai mawili ya mchanga, ili asiwepo mwanafunzi atakayeondoka bila kuchimba handaki kwa mkono wake na kulitazama likijaa maji.